Jinsi ya Kumtunza Geko wa Kishungi Nyumbani

Geko wa kishungi, ambaye jina lake la kisayansi ni Correlophus ciliatus, ni mjusi wa usiku kutoka Kaledonia Mpya, visiwa vya Ufaransa vilivyoko katika Bahari ya Pasifiki mashariki ya Australia. Alielezwa kisayansi mwaka 1866 na Mfaransa Alphonse Guichenot, kisha kwa miongo mingi ikadhaniwa kuwa ametoweka duniani, mpaka alipoonekana tena mwaka 1994. Kwa kuwa Kaledonia Mpya hairuhusu biashara ya kuwatoa porini wanyama hawa, geko wanaouzwa leo Ulaya na Marekani ni wazao wa wachache waliochukuliwa miaka ile ya tisini, wote wamezaliwa mikononi mwa wafugaji. Anayetaka kumfuga amnunue kwa mfugaji anayeweza kumwonyesha wazazi wake, na akumbuke kwamba mnyama huyu huishi miaka 15 hadi 20 akitunzwa vyema, kwa hiyo mtoto wa darasa la pili anayemwomba leo huenda akahama nyumbani na kumwachia mzazi wake geko ambaye bado ana nguvu zake zote.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni joto, nalo ndilo wengi hulielewa kinyume. Watu hudhani kwamba mjusi yeyote hupenda kuota jua, hivyo huanza kwa kununua taa kubwa ya kupasha moto. Geko wa kishungi hakuumbiwa hivyo. Kwao ni msituni, kwenye vichaka na miti mifupi, ambako upepo wa bahari hupunguza ukali wa jua, na mchana hulala kivulini kati ya majani. Joto linalomfaa ni kati ya nyuzi 22 na 26 za Selsiasi mchana, na usiku linaweza kushuka hadi 18 bila madhara. Likipita nyuzi 28 huanza kutaabika, na likikaa juu ya 30 kwa muda mrefu linaweza kumuua.

Kwa sababu hiyo, katika nyumba nyingi za Ulaya joto la kawaida la sebuleni linamtosha, na kifaa cha kupasha moto huhitajika tu pale chumba kinapopoa mno wakati wa baridi kali. Kifaa hicho kiwe cha nguvu ndogo, kifungwe nje ya tanki la kioo analofugiwa, na kiongozwe na kidhibiti joto. Hatari kubwa huja kiangazi: tanki la kioo likiachwa dirishani penye jua hugeuka tanuri kwa muda mfupi sana, hata kama chumba chenyewe kina ubaridi. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam, ambako nyuzi 30 ni hali ya kila siku kuanzia Januari hadi Machi, atalazimika kuwasha kiyoyozi mchana kutwa kwa ajili ya mjusi mmoja, na kwa maoni yangu ni heri asimfuge kabisa. Anayeishi nyanda za juu zenye hewa ya wastani ana nafasi nzuri zaidi, ila kwanza aulize mamlaka za wanyamapori na za afya ya mifugo kuhusu vibali, kwa maana huyu ni mnyama wa kigeni.

Tanki liwe refu kwenda juu kuliko upana wake, kwa sababu geko huyu hupanda na kuruka zaidi ya kutambaa chini. Kwa mkubwa mmoja, sentimita 45 kwa 45 na urefu wa 60 ndicho kipimo cha chini kinachokubalika; mdogo aanzie kwenye boksi dogo lenye matundu ya hewa, ili apate chakula chake kwa urahisi na mwenyewe aonekane. Ndani muwe na matawi ya unene tofauti yaliyolazwa na kusimamishwa, magome ya mti ya kujificha, na majani mengi, ya mimea hai au ya plastiki. Tanki lililo wazi na safi sana hupendeza macho ya mwenye nyumba lakini humtia geko hofu. Chini patandikwe makumbi ya nazi yaliyosagwa, au karatasi za jikoni kwa geko mchanga na kwa yeyote aliyeletwa karibuni, kwa kuwa juu ya karatasi ni rahisi kuona kinyesi chake na kujua kama anakula. Kuhusu taa ya miale ya urujuanimno wafugaji hawajakubaliana. Mimi naona taa dhaifu ya aina hiyo ina faida, mradi isiongeze joto na kuwe na kivuli cha kukimbilia.

Unyevu nao una mpangilio wake. Kila jioni, geko anapoamka, majani na vioo vinyunyiziwe maji hadi unyevu wa hewa ufike kama asilimia 80, kisha uachwe ushuke polepole mchana hadi karibu asilimia 50. Huko kushuka ni muhimu kama kunyunyizia kwenyewe, kwa maana tanki linalolowa saa zote huota ukungu na kuleta magonjwa ya ngozi. Matone yale ndiyo atakayoyalamba kukata kiu, ingawa bakuli dogo la maji liwepo pia. Hewa ikiwa kavu mno, anapojivua ngozi vipande hubaki vimekaza kwenye vidole na ncha ya mkia, na vikiachwa huzuia damu hadi kidole kife. Dawa yake ni kumweka kwa dakika 20 katika kiboksi chenye hewa na karatasi iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu, kisha kuviondoa taratibu kwa kijiti cha pamba, bila kuvuta kwa nguvu.

Chakula chake kikuu ni unga kamili wa matunda uliotengenezwa kwa ajili ya geko wa aina hii, ambao huuzwa katika maduka ya wanyama ukiwa tayari umechanganywa na protini, kalsiamu na vitamini. Sehemu moja ya unga huchanganywa na mbili za maji mpaka upatikane mchanganyiko kama uji mzito, unaowekwa jioni katika kifuniko kidogo juu ya matawi, si sakafuni, na kutolewa baada ya siku moja au mbili kabla haujachacha. Ndizi mbivu, embe au papai ni kionjo cha mara mojamoja tu. Geko anayelishwa matunda matupu hukosa kalsiamu, na mifupa yake hulainika. Parachichi na matunda jamii ya machungwa asipewe.

Mara moja au mbili kwa wiki apewe nyenje au mende wa kufugwa, wasiozidi ukubwa wa nafasi iliyo kati ya macho yake, waliolishwa vizuri siku moja kabla na kupakwa vumbi la kalsiamu yenye vitamini D3. Wadudu wa kuokota nje wana hatari ya sumu za dawa. Nyenje wasioliwa watolewe, kwa sababu usiku huweza kumng'ata geko mwenyewe. Mgeni huweza kususa chakula kwa wiki nzima au zaidi, na hata aliyezoea hulamba kidogo kiasi kwamba kifuniko huonekana hakijaguswa. Hivyo kipimo cha kuaminika ni mizani ya jikoni. Mkubwa huwa na gramu 35 hadi 55, na kupungua mfululizo kwa mwezi mmoja na wa pili ni sababu ya kutafuta daktari.

Asishikwe kwa wiki mbili za mwanzo. Baadaye aachwe apande mkononi mwenyewe, mkono mmoja ukitangulia mbele ya mwingine, kwa dakika tano hadi kumi, mshikaji akiwa ameketi chini kwa kuwa geko huruka ghafla. Asinyakuliwe kutoka juu wala kushikwa mkia. Akishtuka anaweza kuukata mkia, na tofauti na mjusi kafiri wa ukutani, wake hauoti tena. Tukio hilo hutisha, ila si ugonjwa: apewe karatasi safi sakafuni, aachwe atulie, na kidonda hufunga chenyewe. Mikono inawe kwa sabuni kila baada ya kumshika, hasa ya watoto, kwa sababu reptilia hubeba bakteria wa salmonela.

Akae peke yake. Madume wawili hupigana, na jike akiwekwa na dume hutaga mayai mawili kila baada ya wiki nne hadi sita kwa msimu mrefu, jambo linalomaliza kalsiamu mwilini.

Taya laini, miguu iliyopinda, mtetemo wa vidole au kupumua kinywa wazi ni dalili za kupelekwa kwa daktari siku hiyohiyo. Si kila daktari wa wanyama anawajua reptilia, kwa hiyo atafutwe kabla geko hajanunuliwa. Mfugaji akisafiri siku mbili, mkubwa mwenye afya hubaki salama akiwekewa chakula kipya na maji. Safari ikizidi hapo, aombe jirani aje jioni kunyunyizia na kubadilisha chakula, na amwachie maandishi ya kiasi cha unga, maji na joto ambalo kipimajoto hakipaswi kulivuka.