Kidonda sehemu za siri: usisubiri likizo ya Dodoma

Wapo wenzetu wa Dodoma walioko nje ambao wakiona kidonda sehemu za siri humpigia ndugu aliyeko nyumbani mtaa wa Area D awaulizie duka la dawa, kisha vidonge vinakuja kwenye mzigo wa mtu. Wengine huvumilia hadi Desemba, watakaporudi nyumbani. Nawaomba sana tuyaache mazoea haya.

Ninachokihofia zaidi ni kidonda kisichouma. Kaswende huanza hivyo: kidonda kimoja, kingo zake ngumu, hakiumi, kwa kawaida wiki 3 hivi baada ya kuambukizwa, ingawa huweza kuwa kati ya siku 10 na 90. Baada ya wiki 3 hadi 6 kinafunga chenyewe hata kama hukumeza kitu, na hapo ndipo mtu anaisifu dawa aliyoletewa. Vijidudu bado vimo mwilini. Baadaye huweza kutokea upele, hata viganjani na nyayoni, na miaka ikipita moyo na ubongo vinaweza kuathirika. Mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto, mimba ikatoka au mtoto akazaliwa mfu. Tena kwa mwanamke kidonda kinaweza kujificha ndani ukeni asikione kabisa. Kaswende hupimwa kwa damu, na ikiwahiwa hutibika kwa sindano ya penisilini.

Malengelenge madogo yanayopasuka na kuchoma wakati wa kukojoa mara nyingi ni hepesi. Hurudirudi, lakini dawa zikianzwa mapema hupunguza makali. Pangusa, ugonjwa mwingine wa zinaa, huleta vidonda vinavyouma sana, na mitoki, yaani tezi za kinenani, huvimba. Mpox nayo, ugonjwa wa virusi unaoleta vipele, ambao Tanzania ilithibitisha wagonjwa wake wa kwanza Machi 2025, huweza kuanzia huko huko chini.

Lakini si kila kidonda kinatokana na ngono, na wanandoa wanaoishi mbalimbali walisikie hili kabla ya kugombana kwenye simu. Wembe huchubua. Septrini, ile dawa ya kuua bakteria, huwaletea baadhi ya watu kidonda kinachojirudia palepale kila wakiimeza. Kidonda kinachokataa kupona kwa wiki kadhaa kinaweza kuwa saratani. Picha ya WhatsApp haiwezi kutofautisha hayo yote.

Nenda ukapimwe kidonda kikiwa bado kibichi, na upime VVU pia. Uingereza, kliniki za magonjwa ya zinaa za NHS, huduma ya afya ya taifa, hupima na kutibu bure, hata kama mambo ya kibali chako hayajakaa sawa. Ujerumani, ofisi ya afya ya eneo lako, Gesundheitsamt, hupima VVU bila kukuuliza jina. Marekani, anzia idara ya afya ya kaunti. Taja kila dawa uliyotumia, za mitishamba zikiwemo.

Ukiwa na homa, mkojo ukigoma kutoka, maumivu yakizidi, vidonda vikisambaa haraka, au ukiwa mjamzito, nenda siku hiyo hiyo.

Kama tayari umeshafika nyumbani, kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tunayoiita General, Hospitali ya Benjamin Mkapa upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na Kituo cha Afya Makole. Beba majibu ya vipimo vya huko ulikotoka, nenda na mwenzi wako mtibiwe wote, na msikutane kimwili mpaka daktari awaruhusu.