Mafunzo ya kazini: usiyapime na fomu ya siku ya mwisho

Mi nimesimamia stoo ya bolti hapa Industrial Area, Nairobi, miaka kadhaa na kitu kinaniuma ni vile watu wanapelekwa mafunzo siku mbili hotelini, chai, samosa, vyeti, alafu Jumatatu kila mtu anarudi kufanya kama zamani. Jioni ya mwisho mnapewa fomu, unatiki "nzuri sana" mbio mbio uwahi matatu kabla Jogoo Road ifunge na foleni, basi ofisi inasema mafunzo yamefaulu. Hiyo fomu inaonyesha tu watu walifurahi.

Anza kabla mwalimu hajaja. Tafuta kosa lenyewe, ulihesabu. Sisi wateja walikuwa wanarudisha mzigo juu ya saizi kuchanganywa, nikashika daftari wiki 4 nzima nikiandika kila kinachorudi, nani alipakia, saa ngapi. Kumbe karibu nusu ni karatasi za oda hazisomeki, wino wa printa umeisha! Hapo hakuna cha kufundisha, nunua wino. Kilichobaki ndio tukafundisha, na palepale stoo, mtu anashika bolti ya 10 na ya 12, anapima, anakosea, anarekebishwa, nusu saa asubuhi, na wiki inayofuata tunarudia juu watu husahau. Supavaisa naye akae hapo, la sivyo kesho atawaambia waachane na hayo mambo waharakishe.

Na kama mwajiri analipa ile ada ya NITA (mamlaka ya serikali ya Kenya ya mafunzo ya viwanda), shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, aulizie kurudishiwa gharama za mafunzo, ila idhini iombwe mapema.

Sasa kupima. Donald Kirkpatrick, msomi wa Marekani, alipanga kupima mafunzo kwa ngazi 4 mwaka 1959: walipenda? walijifunza? wanafanya tofauti? kazi imebadilika? Ya pili ni rahisi, mpe mtu kazi ileile aifanye kabla na baada. Ya tatu ndio wengi tunaruka na ndio yenye maana. Rudi baada ya mwezi, simama pembeni, angalia mikono yao. Ukiona mtu hafanyi, usimgombeze, muulize kinachomzuia. Kijana mmoja aliniambia, "Mkubwa, kupima najua, lakini venia (kile kifaa cha kupimia unene) ni moja na imefungiwa ofisini." Tukaitoa, tukaifunga na kamba kwa meza ya kupakia.

Ya nne, fungua daftari lilelile, andika wiki 4 zingine, linganisha. Angalia pia oda zilikuwa ngapi, juu biashara ikiwa baridi mwezi huo mzigo unaorudi utapungua tu hata kama hakuna aliyejifunza kitu.