Kutotolesha mayai ya chatu nyumbani, hatua kwa hatua

Rafiki yangu alinipigia simu usiku: chatu wake ametaga, na mayai keshayatia kwenye mashine ya vifaranga. Nikamwambia azime kwanza kigeuzio, kile kifaa cha mashine kinachogeuza mayai, mengine tutaongea. Haya ndiyo mengine yenyewe.

Namzungumzia yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, anayefugwa sana Marekani na Ulaya. Ukiwa Kenya au Tanzania, anza na kibali cha kufuga wanyamapori.

Hatua ya 1: Deli
Mashine ya vifaranga iache kabisa. Deli la povu la kuwekea barafu, waya wa joto chini, chupa za maji za kutuliza joto na themostati (kidhibiti joto) vinatosha. Kihisio chake kikae usawa wa mayai. Lenga nyuzi 31 hadi 32 za Selsiasi, na uhakikishe kwa kipimajoto cha pembeni.

Hatua ya 2: Tandiko
Vemikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazoshika unyevu) na maji, uzito sawa kwa sawa, ndani ya kontena la plastiki lenye mfuniko. Ukifinyanga kiganjani lishikane bila kuchuruza maji.

Hatua ya 3: Kuhamisha mayai
Hapa ndipo watu wanapoua. Kuku hugeuza mayai yake, nyoka hageuzi. Siku moja au mbili baada ya kutagwa, kiini-tete huwa kimeshajishika upande wa juu wa ganda. Ukilipindua yai, huenda kisipone. Kwa hiyo mfunike mama taulo kichwani, mkunjue taratibu atoke kwenye mayai aliyoyazunguka, na kabla hujanyanyua chochote chora alama juu ya kila yai. Tumia penseli. Kalamu ya wino sitaki kuiona, ganda lile lina vinyweleo.

Mara nyingi mayai yatakuwa yamegandana. Usiyabandue! Lihamishe bonge zima jinsi lilivyo, hata kama kontena litaonekana dogo. Tafuta kubwa zaidi. Yai viza lililo katikati nalo liache, maana ukilichomoa unaweza kuchana ganda la jirani.

Na likibiringika moja bila alama? Zima taa, limulike kwa tochi ndogo. Utaona mishipa myekundu kama mizizi upande mmoja. Huo ndio uwe juu. Likiwa la njano tupu bila mishipa, huenda halina kitu, ila mimi husubiri mpaka lioze ndipo nitupe.

Hatua ya 4: Kungoja
Siku 55 hadi 60. Fungua mara moja kwa wiki, hewa iingie. Yakibonyea mapema, tandiko limekauka: ongeza maji pembeni, kamwe usiyanyunyizie mayai. Yakibonyea wiki mbili za mwisho, ni kawaida.

Hatua ya 5: Kuanguliwa
Kitoto huchana ganda kwa jino la yai, kijino cha muda kilicho nchani mwa pua, hutoa pua, kisha hutulia humo siku moja au mbili kikimalizia kiini. Wapo wanaokata ganda kwa mkasi kukisaidia. Mimi sikati, na sivuti. Panya wa kwanza, mdogo, mpe akishajivua gamba, yapata wiki moja hivi baadaye.