Somo: Mazoezi ya nyonga baada ya kujifungua, kwa simu ya video

Maumivu ya kinena au ya juu ya makalio yanayokushika ukigeuka kitandani au ukipanda ngazi mara nyingi hupungua kwa mazoezi, na mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) anaweza kukuongoza akiwa mbali. Lakini homa, damu inayojaza pedi ndani ya saa moja, ganzi sehemu za siri, mkojo kugoma au mguu mmoja kuvimba, hayo ni ya hospitali leo hii.

Simu iegemeze kwenye kigoda, ikuone ubavuni toka kichwani hadi nyayo. Vaa suruali ya kubana. Dera huficha magoti, na mtaalamu anayahitaji.

Kipimo: lala chali, miguu imenyooka. Inua mmoja sentimita 20 bila kukunja goti, uupe alama: 0 ni rahisi, 5 hauinuki kabisa. Fanya na wa pili. Sasa funga kanga ikaze nyongani, usawa wa kinena, urudie. Mguu ukiwa mwepesi zaidi, viungo vya nyonga vinakosa msaada wa misuli, na mazoezi haya yanakufaa. Wengi huifunga tumboni kama mkaja. Ikibana sana huko, hukandamiza misuli ya chini ya nyonga, ile ile iliyochoka.

1. Kunja magoti. Ukitoa pumzi, kaza kama unayezuia mkojo na upepo, sekunde 5, kisha legeza kabisa. Mara 8 hadi 10. Makalio yasikaze.
2. Bana mto kati ya magoti sekunde 5, mara 10. Kinena kikiuma, punguza nguvu.
3. Kaza kama namba 1, inua makalio taratibu, shusha. Mara 8. Kiuno kikipinda, umeinua mno.

Maswali ya wanachama

Nimejifungua kwa upasuaji, nianze lini?
Namba 1 unaweza mpira wa mkojo ukishatolewa, bila kulazimisha. Namba 3 isubiri kidonda kipone na daktari akuruhusu, kwa kawaida baada ya wiki 6.

Naumwa zaidi baada ya mazoezi.
Maumivu yakitulia kufikia asubuhi, endelea. Yasipotulia, punguza idadi nusu, umwambie mtaalamu.

Mtandao unakatika katikati.
Jirekodi sekunde 15 kwa kila zoezi, ubavuni, umtumie. Na ile suruali ya kubana usiivae umesimama kwa mguu mmoja, dada. Kaa kitandani kwanza.