Kupanda Mlima Rungwe Msimu wa Baridi Ukiwa na Goti Linalosumbua

Mwongozo huu ni wa mwenye maumivu ya mbele ya goti, yale yanayouma ukishuka ngazi au ukikaa muda mrefu kwenye kosta. Goti lililovimba, linalokwama, au linalolegea ghafla na kukuangusha lipelekwe kwa daktari kwanza. Hilo si la mlimani.

Mlima Rungwe, mkoani Mbeya, hupandika vizuri Juni hadi Agosti, mvua kubwa za Tukuyu zikishapungua. Theluji hakuna, ila kuna ukungu, manyunyu na upepo mkali. Joto hupungua kama nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, na kilele kiko karibu mita 2,960. Misuli ikipoa hukakamaa, na goti ndilo linalobeba gharama yake.

Hatua ya 1: Pima goti wiki sita kabla. Simama kwa mguu unaouma juu ya kidato cha sentimita 15 hadi 20. Teremsha mguu mzima (yaani usiouma) polepole ukihesabu hadi tatu, kisigino kiguse chini, kisha rudi juu. Goti lisiingie ndani. Lielekee kidole cha pili cha mguu. Fanya mara 10, mizunguko 3, siku moja ukifanya, inayofuata ukipumzika. Kwa kipimo cha 0 hadi 10, maumivu yasiyozidi 3 yanayotulia ndani ya saa 24 yanakubalika. Wiki mbili kabla ya safari, panda Loleza (mita 2,656) pale juu ya jiji la Mbeya, ukiwa na begi lile lile. Kama kesho yake goti bado linauma kuliko kawaida, ahirisha Rungwe.

Hatua ya 2: Vifaa. Ndani vaa jezi ya polista, si fulana ya pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho haikauki na itakugandisha ukisimama. Juu yake sweta la sufu, kisha koti la mvua. Vyote vinapatikana kwenye mitumba ya soko la Mwanjelwa, Mbeya. Viatu viwe buti zenye meno marefu. Gamboti hazishiki kifundo cha mguu. Begi lisizidi kilo 6, pamoja na maji lita 2, tochi, ndizi na karanga.

Fimbo ni mbili, na hapa usibane matumizi. Kama huna za kurefusha, nunua fimbo ngumu zilizokauka, usikate msituni. Viringisha mpira wa ndani wa baiskeli sehemu mbili: pa chini, ambapo ukishika, kiwiko hukunja pembe mraba, ni pa kupandia, pa juu, sentimita 7 hadi 10 zaidi, ni pa kushukia.

Hatua ya 3: Kupanda. Malizana na TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kuhusu kibali mapema na upate mwongozaji, maana msitu huu ni hifadhi. Ukianzia kijiji cha Isongole, anza saa 12 na nusu asubuhi. Dakika 20 za kwanza nenda polepole hata kama wenzako wanakuacha. Hatua ziwe fupi, na penye kidato kirefu mguu mzima utangulie. Usimeze dawa ya maumivu ya diklofenaki ili uweze kupanda: inaficha onyo la goti, na ukiwa umepungukiwa maji inaumiza figo. Saa 6 mchana geuka, popote ulipo. Kushuka kwa goti bovu kunaweza kuchukua muda ule ule wa kupanda, na gizani kwenye mianzi yenye utelezi kila hatua ni ya kubahatisha.

Hatua ya 4: Kushuka. Hapa ndipo goti huharibika. Msuli wa mbele wa paja unarefuka huku umebeba uzito wako wote, na kile kifupa cha mbele ya goti (pia ya goti) kinagandamizwa kwenye mfupa wa paja. Kabla hujaanza, kaa dakika 10, kula, vaa sweta, kisha funga bendeji ya kuvutika yenye upana wa sentimita 10. Anzia chini ya goti ukipanda, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Bonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu ukiachia: rangi isiporudi ndani ya sekunde 2, au vidole vikifa ganzi, umekaza mno. Fungua urudie.

Mpangilio ni fimbo, mguu mbovu, mguu mzima. Fimbo zitue mbele na zibebe uzito kabla mguu haujagusa. Goti libaki limekunjwa kidogo, maana likinyooka kabisa kishindo hupanda moja kwa moja. Penye mteremko mkali pita kwa zigizagi, na penye tope shuka kiubavu. Usikimbie hata pakiwa tambarare. Kosa la kawaida ni kuegemea nyuma kwa woga: kisigino kinateleza, goti linajipinda. Egemea mbele kidogo. Maumivu yakifika 5, simama dakika 10 na mpe mwenzako begi. Yasiposhuka, mwambie mwongozaji mapema, kungali mchana.

Hatua ya 5: Ukifika chini. Badili nguo zilizolowa kwanza. Kanda goti kwa maji ya baridi sana au barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20. Siku mbili tembea tambarare tu, kisha rudia kile kipimo cha kidato. Goti likivimba au likishindwa kubeba uzito, nenda hospitali bila kusubiri.