Diski pacha za Linux zikigoma kufunguka
Ukiwasha seva yenye diski mbili za RAID 1 (kila diski hubeba nakala ileile ya data) na data hazifunguki, usikimbilie mdadm --create (mdadm ni programu ya Linux ya kusimamia RAID) hata kama kuna mtu kakushauri. Amri hiyo huandika vichwa vipya (maelezo ya RAID yaliyomo ndani ya kila diski) juu ya vile vya zamani, na hapo ndipo watu hulia.

Anza na cat /proc/mdstat, inayoonyesha hali ya RAID. Mara nyingi utakuta md127 (jina la safu, yaani diski hizo mbili zikiunganishwa kuwa kitu kimoja) imeandikwa inactive, na herufi (S) pembeni ya diski: safu ilianza kukusanywa ikakwama njiani. Isimamishe kwa mdadm --stop /dev/md127, kisha piga mdadm --examine kwa kila diski, mfano /dev/sdb1, ulinganishe mstari wa Events, yaani hesabu ya mabadiliko ya safu. Yenye namba kubwa ndiyo yenye data mpya. Iliyobaki nyuma iweke kando. Iamshe hiyo mpya peke yake, tuseme ni /dev/sdb1: mdadm --assemble --run /dev/md0 /dev/sdb1, halafu ifungue kwa kusoma tu: mount -o ro /dev/md0 /mnt. Nakili data zako kwanza, pacha wake utamrudisha baadaye kwa --add.

Ukiambiwa unknown filesystem type 'linux_raid_member', ujue umejaribu kufungua diski yenyewe badala ya md. Hilo lilinikesha usiku mzima, kumbe diski zilikuwa nzima kabisa. Na waya wa SATA, jamani, ukague kabla ya yote hayo.