Kupanga Safari Salama ya Kuvua kwa Kayaki katika Ghuba ya Mwanza

Ghuba ya Mwanza huonekana tulivu alfajiri, lakini ni sehemu ya Ziwa Victoria, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, na hali yake hubadilika haraka kuliko mgeni anavyodhani. Kwa hiyo anza kwa kupanga saa ya kurudi: upepo wa kutoka ziwani kwa kawaida hushika nguvu mchana, hivyo ni busara kuwa nchi kavu kabla ya saa sita. Usiku uliotangulia soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kisha asubuhi waulize wavuvi wa mwaloni, maana wao huyasoma mawingu ya eneo lao kila siku.

Jaketi okozi livaliwe kabla ya kuingia majini, kwa sababu kayaki ikipinduka, upepo unaweza kuipeleka mbali nawe pamoja na kila kilichofungwa juu yake. Mwombe mwenzako alivute jaketi juu kwa mabega. Likipanda hadi masikioni, kaza mikanda. Filimbi ifungwe kwenye jaketi lenyewe, na simu iwe ndani ya mfuko usiopenya maji, mwilini mwako.

Kaa mbali na matete, ambako viboko hujificha, na umwachie mtu wa nyumbani maelezo ya njia yako na saa utakayorejea. Hakikisha pia una leseni ya uvuvi, na sangara aliye chini ya sentimita 50 umrudishe majini akiwa hai.